Kigingi cha Nchi ya Shikilia

Itambulikane kwa wafalme, mawaziri, wakuu wa mabweni, wapishi wa bwalo na watu wote wenye masikio, kwamba Mtukufu Lukindo, Balozi Kamili na wa Kudumu, Mwenye Nishani ya Daraja la Kwanza, Msemaji wa Mataifa Yasiyo na Msemaji, aliwasili katika nchi ya Shikilia na kupokewa kwa heshima zote zinazostahili cheo chake.

Nishani ilikuwa kizibo cha soda kilichobanwa kifuani kwa pini. Ubalozi alijipa mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni, na asubuhi ile, kwa sababu ya jambo lililohusu gundi na viatu vya mwalimu wa zamu, alikuwa amepewa adhabu ya kupanga, kizazi kwa kizazi, vibao vya kumbukumbu vilivyong'olewa kwenye kompyuta kuukuu za maabara. Namna alivyotoka kwenye sanduku la vibao akafika Shikilia haimhusu msomaji. Mabalozi hawaulizwi nauli.

Nchi ile ina kazi moja tu. Katikati ya mji anakaa Mpiga Hesabu, ambaye hakuna hesabu inayomshinda, ila hawezi kukumbuka hata alichokula. Kila atakachokihitaji baadaye humpa mtu amshikie. "Shika hii," husema, na baada ya muda, "Nipe ile." Wananchi wote ni washikizi wake. Huketi safu kwa safu katika Ukumbi mmoja mkubwa, kila mmoja amebeba kichwani kipande cha neno, nusu ya picha, au tarakimu asiyojua ni ya nini, na huibeba kwa majivuno ambayo Lukindo hakuwahi kuyaona hata kwa viranja.

Mambo mawili yalimpendeza Balozi tangu mwanzo. La kwanza ni mnong'ono. Vichwa vya watu wale huvuja, kwa hiyo kila baada ya kitambo kifupi wote hufumba macho na kujinong'onezea upya walichokibeba, kisha hufumbua na kuendelea. Wawe wanakula, wanaposa au wanatukanana, mnong'ono ukifika hukatiza. Lukindo aliwahi kumwona mtu akifumba macho mkono ukiwa hewani, katikati ya kumpiga jirani yake kofi, na jirani akasubiri kwa adabu mpaka amalize.

La pili ni taa. Juu ya Shikilia hakuna jua bali Taa Kuu, na ikizimwa jioni kila mshikizi husahau kila kitu papo hapo, hata jina lake. Asubuhi, watu wa Ghala huteremka kutoka kilimani. Hao ni wazito, huanza kujibu swali wakati muulizaji ameshakwenda zake, lakini wanachokichora kwenye mawe yao hakifutiki. Humrudishia kila mtu jina lake, kizazi chake na sheria za nchi. Mengine hayarudi. Nani alimcheka nani, nani alitiliwa pilipili kwenye uji, hayo huondoka na taa.

Lukindo, kwa kuwa mgeni, hakusahau kitu. Aliona amefika peponi. Angeweza kumtilia mtu pilipili leo na kesho akapokewa na mtu huyohuyo kwa kukumbatiwa. Asubuhi nyingine alijitambulisha Ukumbini kwa cheo kipya, na kufikia wakati wa habari hizi alikuwa ameshakuwa askofu zaidi ya mara moja.

Lakini fahari kubwa ya Shikilia ni vizazi. Kila mshikizi huvaa kiunoni ubao mwembamba wenye meno ya dhahabu, na kati ya meno hayo lipo pengo moja. Kila kiti cha Ukumbini kina kigingi. Kigingi kikiingia kwenye pengo, umeketi. Kisipoingia, utabaki umesimama. Na kila kinapozaliwa kizazi kipya, mafundi hukisogeza kigingi upana wa ukucha tu, ili mpya asiweze kukalia kiti cha mkubwa wake, wala mkubwa kiti cha mpya. Pembeni mwa kiti kuna mrija wa uji. Kizazi cha Kwanza walikunywa uji wa kusimamisha kijiko. Kila kizazi kilichofuata kilipewa mwepesi zaidi na kusema kwa kasi zaidi, mpaka watu wa Kizazi cha Tano, ambao hunywa kitu kinachokaribia maji ya kunawia na hujisifu kwamba hawana tamaa.

"Kigingi ni cha nini?" Balozi alimwuliza Bwana Shadidi, Msimamizi wa Vigingi, mtu wa Kizazi cha Nne mwenye shingo iliyonyooka kama bomba.

"Ni cha heshima, Mheshimiwa."

"Heshima ya nani?"

Bwana Shadidi alifumba macho, akanong'ona, akafumbua. "Ya kigingi," alisema. "Watu wa Ghala waliichora sheria yenyewe. Sababu hawakuichora. Mawe yalikuwa machache."

Lukindo aliyaweka maneno hayo moyoni, kwa kuwa yalifanana sana na kanuni za shule yake.

Rafiki yake katika nchi ile alikuwa Bi Tatu. Alikuwa mtu wa mwisho wa Kizazi cha Tatu aliyebaki Ukumbini; wenzake wa humo wote walikuwa wameshapelekwa Droo. Droo ni nyumba isiyofikiwa na taa, ambako watu wasio na viti hulazwa wakiwa wamefungwa kwenye karatasi. Hawafi. Hawaulizwi kitu tu. Bi Tatu aliketi mgongo wima, meno ya dhahabu ya ubao wake ameyasugua mpaka yanamulika, na kila asubuhi Lukindo alikwenda kumwamkia, kwa sababu ya mapenzi na kwa sababu uji wake ulishibisha.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni Balozi Kamili na wa Kudumu."

"Marahaba." Alimtazama kifuani. "Hicho ni kizibo, mwanangu."

Kila asubuhi alimwona mara ya kwanza, na kila asubuhi alisema hivyohivyo. Katika nchi nzima hakuna mwingine aliyekitambua kizibo. Kisha humsogezea bakuli.

Siku moja jirani yake wa safu ya mbele, msichana wa Kizazi cha Tano aitwaye Wepesi, aligeuka. "Bibi, hivi nyinyi mnajisikiaje mkisema polepole namna hiyo? Mimi ningesinzia nikiwa nasema."

"Wewe ukisema, anayesikia ndiye anayeomba asinzie," alijibu Bi Tatu. "Tena polepole kwa nani? Wahenga wetu wa kale kabisa walisema fimbo ya ngoma ya Ukumbi, inayotupimia mwendo wa kusema, ikishuka tu. Ni Kizazi cha Kwanza kilichoanza kusema ikishuka na ikipanda. Mmeyakuta hayo kama yalivyo, mkayarithi, leo mnatucheka."

"Lakini sisi wakati fimbo inapanda tumeshasema maneno ya wiki nzima."

"Na hakuna hata moja la kwako."

Safu zikacheka. Bwana Shadidi akafika, mkono mgongoni, akauliza ni ubishi gani. Balozi, ambaye hakuna ubishi uliowahi kumpita ukiwa mzima, alishauri kwa sauti ya kibunge kwamba Mpiga Hesabu awaulize wote wawili kitu kimoja kwa wakati mmoja, ili dunia ishuhudie. Picha ya paka ililetwa, kila mmoja akapewa yake aishike.

"Nipe ile ya paka," ilisikika sauti ya Mpiga Hesabu.

Kukawa kimya. Wepesi alikuwa anakodoa macho juu, akimtafuta paka kichwani. Bi Tatu naye alikuwa anamtafuta. Ukumbi mzima ulisubiri. Kisha midomo yote miwili ikafunguka kwa mpigo mmoja. Wepesi akammwaga paka kama mvua ya mawe, masikio, miguu, mkia, kwisha. Bi Tatu alikuwa bado kwenye masharubu.

"Dunia imeshuhudia," alisema Bwana Shadidi. "Aliyemaliza mapema ni wa Tano."

"Na walioanza pamoja ni wawili," alisema Bi Tatu alipomaliza mkia, bila kuruka unywele. "Hilo nalo ulishuhudie, Bwana Shadidi. Ukituuliza kitu kimoja kidogo, mimi na huyu mtoto tunakujibu sawa."

Wepesi alitazama chini. Alikuwa msichana mkweli. Bwana Shadidi alikohoa, akasubiri mnong'ono upite, kisha akatangaza, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani, kwamba kiti cha mwisho cha Kizazi cha Tatu kitaondolewa kesho taa ikiwashwa na mahali pake kuwekwa kiti cha Tano, ambacho tayari kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Na kwamba Bi Tatu atapelekwa Droo. Amri ikapelekwa Ghala ikachorwe, isije ikazimika na taa.

Bi Tatu aliuweka sawa ubao wake. "Wakija na karatasi, waambie wasinikunje," alisema. "Nitakwenda nikiwa wima."

Lukindo, ambaye hakulia hata siku aliyopelekwa bweni, alishindwa kumeza uji. Akasema umemwunguza.

Angeweza kufikiri vizuri. Siku chache nyuma alikuwa ametembelea kinu kule bondeni, kinu cha zamani kinachosaga unga wa uji wa nchi yote, ambacho hakuna aliyejisumbua kukijenga upya. Kina viti vyake vya Kizazi cha Tatu na mrija wake wa uji mzito, na kimoja kilikuwa kitupu. Aliyekikalia alikuwa amezolewa pamoja na wenzake kwenda Droo kwa haraka za ofisi, na tangu hapo kinu kilikuwa kinasahau katikati ya kusaga na kutoa mabonge. Lukindo aliyacheka sana mabonge yale. Lakini sasa kinu hakikumjia akilini. Kilichomjia akilini ni uso wa Bwana Shadidi.

Mfukoni alikuwa na kijiko cha bwalo alichokinoa kwenye sakafu ya bafu, kwa shughuli zisizofaa kuandikwa hapa. Alasiri ile, watu walipofumba macho kunong'ona, alikikata kigingi cha kile kiti kipya. Walipofumbua, alikuwa amesimama mkono kwenye nishani, ametazama dari kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa. Walipofumba tena, akakata tena. Maganda ya mbao aliyatia kwenye soksi. Taa ilipozimwa kigingi kilikuwa kimebaki kama jino la mtoto linalong'oka, akakimalizia kwa kidole, akajipongeza kwa niaba ya mataifa yote.

Asubuhi, watu wa Ghala walipokwisha kugawa majina, kiti cha Bi Tatu hakikuwapo. Wachukuzi wawili wa Droo walikuwa wamesimama na karatasi yao.

"Shikamoo, bibi," alisema Lukindo. "Kabla hujaenda, jaribu hiki."

"Hicho cha Tano, mwanangu."

"Jaribu tu. Sheria zimelegezwa."

Bi Tatu aliusogeza ubao wake kwenye kiti. Ukaingia. Akashusha pumzi. Akawatazama wachukuzi, akatazama safu zote za Tano zilizokuwa zimegeuka, akaketi polepole kama mtu aliyealikwa kwenye meza ya mbele harusini.

"Ubao ukiingia, kiti ni chako," aliwaambia wachukuzi. "Sheria imechorwa."

Wakaikunja karatasi. Balozi alijiona mtu mkubwa sana.

Kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, Mpiga Hesabu huwaita washikizi mmoja mmoja, na kila mmoja huitika. Asipoitika mmoja, siku haianzi. Wepesi aliitika. Wa nyuma yake akaitika. Ikafika zamu ya Bi Tatu. Mrija ulikuwa unamtiririshia uji wa Tano, ule wa kunawia. Mdomo wake ulikuwa wazi, macho yamefunguka, lakini ndani hapakuwa na mtu.

"Kiti hicho," Mpiga Hesabu alirudia.

Kengele ikalia mara tatu, kila mlio mrefu kuliko ule wa kuamshia bweni. Nchi ikasimama. Wenye maneno nusu wakabaki na nusu zao mdomoni.

Bwana Shadidi alikuja mbio, akapitisha kidole kwenye kisiki cha kigingi. "Kimekatwa," alisema, na uso wake haukuwa hata chembe kama Lukindo alivyoutarajia. Ulikuwa uso wa mtu mwenye hofu. Walimwinua bibi wakamlaza sakafuni. Wepesi akakimbia kuchota uji mzito uliobaki kwenye mtungi wa jana, akamnywesha taratibu. Tone likammwagikia kidoleni, akakilamba bila kufikiri. Midomo ikamvimba palepale, na meno mawili ya ubao wake yakageuka meusi.

"Unaunguza," alisema kwa shida. "Uji wake unaunguza."

"Na wetu haumfikishi popote," alisema Bwana Shadidi polepole. Alikitazama kisiki tena. "Kumbe kigingi ni kwa ajili ya uji. Kinamzuia mtu asinywe kisichokuwa chake."

Mnong'ono ukafika, na Ukumbi mzima ukanong'ona: kumbe ni uji, kumbe ni uji.

Bi Tatu alifumbua macho. Kukosa uji ni sawa na kuzimiwa taa. Alikuwa amesahau kila kitu. Mtu wa Ghala aliyekuwa bado karibu alimrudishia jina lake, kizazi chake na sheria.

"Bi Tatu," Bwana Shadidi alimwambia, "umekutwa kwenye kiti cha Tano, na kigingi kimekatwa. Nani alikuketisha?"

Alikitazama kiti, akautazama ubao wake. "Sikumbuki," alisema. "Lakini kama mmenikuta nimeketi, basi niliketi mwenyewe. Kizazi cha Tatu hakiketishwi na watu."

"Basi ichorwe," Bwana Shadidi alimwambia mtu wa Ghala. "Bi Tatu, mwizi wa kiti."

Mtu wa Ghala alianza kuinua patasi yake, polepole kama ilivyo desturi yao. Bi Tatu aliifuata patasi kwa macho. Alijua, kama alivyojua kila mtu pale, kwamba kilichochorwa hurudi. Siku yoyote atakayofunguliwa karatasi na taa kumwangukia, angepewa jina lake, kizazi chake, na hilo la tatu. Na angeliamini, kwa kuwa asingekuwa na lingine. Mkono wake ulishika ubao.

Balozi alipiga hesabu yake kimya. Hakuna aliyemwona. Taa ikizimwa jioni, hata mashaka yatazimika. Shida ilikuwa ile patasi. Ilikuwa inapanda kwa uzito mno, na kumpa mtu nafasi ya kufikiri.

"Mheshimiwa," alisema Wepesi, midomo ikiwa imevimba, "mbona soksi yako inamwaga maganda ya mbao?"

Ukumbi ukageuka.

"Hiyo," alisema Lukindo, akiweka mkono kifuani, "ni mila ya kwetu. Balozi anapotembelea nchi rafiki, huchukua kidogo cha... katika kudumisha..." Hakujua sentensi ile ilikuwa inaelekea wapi.

Bi Tatu alikuwa anamtazama kutoka sakafuni, kwa mara yake ya kwanza. "Hicho ni kizibo, mwanangu," alisema kwa upole.

Lukindo akakibandua.

"Ndiyo, bibi. Ni kizibo. Mimi si balozi, ni mwanafunzi, tena niko kwenye adhabu. Nilikikata mimi, kwa kijiko, mlipokuwa mmefumba macho. Yeye hakujua. Nilimwambia sheria zimelegezwa." Alikitoa kijiko, akawaonyesha. "Nilitaka asipelekwe Droo. Lakini nilitaka zaidi kumwona Bwana Shadidi akishangaa. Ingekuwa ni bibi tu, ningekumbuka kinu."

"Kinu gani?" aliuliza Bwana Shadidi.

Akawaeleza habari za kile kiti kitupu bondeni, ambazo wao walikuwa wanazisahau kila jioni. Kabla hajamaliza, mnong'ono ukafika. Walifumba macho, maelfu yao, na safu kwa safu wakajinong'onezea upya walichokuwa wamekibeba wakati ule: *nilikikata mimi, kwa kijiko, yeye hakujua*. Lukindo aliyasikia maneno yake yakitoka kwenye kila mdomo Ukumbini, mpaka milangoni. Hapakuwa na mahali pa kutazama. Walipofumbua hakuna aliyecheka.

Walimpeleka Bi Tatu bondeni wakati uleule, naye akakataa kubebwa. Alitembea wima mbele yao wote. Alipokiona kile kiti cha kinuni, chenye vumbi la unga, alikitazama kama yeye ndiye anayekikagua, si kiti kinachomkagua yeye. Akausogeza ubao. *Tak.* Uji mzito ukaja, kinu kikamwuliza kilichokuwa kimekisahau tangu kitambo, naye, baada ya kimya kilekile ambacho hakuna kizazi kinachokikwepa, akajibu. Mawe yakazunguka. Unga ukatoka laini.

"Uji wa Ukumbi mzima unatoka hapa?" alimwuliza Bwana Shadidi.

"Ndiyo, mama. Hata wangu."

"Basi nenda ukawaambie walio Ukumbini wakae vizuri."

Ilibaki hukumu. Mtu wa Ghala alisema, baada ya kusubiriwa, kwamba jiwe la sheria ya kigingi lilikuwa na nafasi ya mstari mmoja tu. Ichorwe sababu, au achorwe mkosaji? Walijadili mpaka karibu na taa kuzimwa, kwa ufasaha mkubwa. Mwishoni Bwana Shadidi alipata njia ya kuyatia yote kwenye mstari mmoja, na patasi ikaanza kushuka.

Asubuhi iliyofuata, Lukindo alikwenda kinuni. Kifua kilikuwa kitupu. Kizibo kilikuwa mfukoni. Bi Tatu alikuwa ameketi na unga kwenye nyusi, akitoa amri.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni..."

"Marahaba. Nakujua," alisema Bi Tatu, akimtazama kiunoni kusipo na ubao.

Hakuna mtu wa Shikilia aliyewahi kumwambia hivyo. Kabla hajauliza, mnong'ono ukafika, na wafanyakazi wote wa kinu wakafumba macho na kulipitia tena somo walilopewa na Ghala asubuhi ile, kama litakavyopitiwa kila asubuhi na vizazi ambavyo bado havijazaliwa: *Kigingi kisikatwe, maana uji si mmoja, alikikata mgeni Lukindo kwa kijiko, na siku haikuanza.*

Bi Tatu alifumbua macho. "Ndiye wewe?"

Lukindo alitazama mlangoni, kisha mawe, kisha mikono yake.

"Ndiyo, bibi. Ni mimi."

"Na mfukoni una nini?"

"Kizibo."

Akamsogezea bakuli. "Kaa chini basi, unywe uji," alisema, "na kijiko niachie mimi."